Njia za Baisikeli Kando ya Mabwawa ya Derwent

Kati ya miji ya Manchester na Sheffield, katika Uingereza ya kaskazini, pana nchi ya milima iitwayo Peak District. Milima hiyo si mirefu. Kinder Scout, ulio mrefu kupita yote, una futi 2,087 tu. Lakini juu yake ni nyika tupu yenye upepo mkali, na udongo wake ni mweusi, wenye kushika maji kama sifongo. Mto Derwent umechimba bonde refu katika nchi hiyo, na bondeni yamepangana mabwawa matatu, moja chini ya jingine, nayo ni Howden, Derwent na Ladybower. Kando ya maji misonobari imepandwa toka ukingoni hata mabegani mwa vilima. Hapo ndipo wapendao kuendesha baisikeli milimani huja kwa wingi siku za mapumziko.

Watu wengi huijua baisikeli kuwa chombo cha kwendea kazini na cha kuchukulia mizigo sokoni. Baisikeli ya milimani ni ya namna nyingine. Asili yake ni California, huko Marekani, ambako katika miaka ya 1970 vijana walizichukua baisikeli kuukuu zenye mipira minene wakashuka nazo mlima Tamalpais. Baisikeli za sasa zina tairi pana zenye meno, gea nyingi za kupandia, breki zenye kushika hata katika matope, na springi za kupunguza kishindo cha mawe. Lakini chombo kizuri si kitu pasipo njia, na njia za Derwent zilipatikana kwa gharama ambayo mpitaji mgeni hawezi kuijua kwa kuitazama tu.

MAJI YA MIJI, NYUMBA ZA BONDENI

Mwaka 1899 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda halmashauri ya maji ya bonde la Derwent, ili miji ya Derby, Sheffield, Nottingham na Leicester ipate maji safi. Viwanda vilikuwa vimeongezeka na watu wa mijini walikuwa wengi mno. Kazi ya bwawa la Howden ilianza mwaka 1901, na ya Derwent mwaka 1902. Kuta zake ni za mawe ya kuchongwa, nayo mawe yaliletwa kwa reli. Vibarua na jamaa zao walijengewa kijiji kizima cha mabati, jina lake Birchinlee, nacho kilikuwa na shule, hospitali na maduka. Wakati mmoja walikaa humo zaidi ya watu 900. Kuta zilipomalizika, Howden mwaka 1912 na Derwent mwaka 1916, kijiji kiliondolewa. Leo baisikeli hupita palepale, na mtu akitazama vema kati ya miti huona matuta na misingi iliyosalia.

Hayo mawili hayakutosha. Mwaka 1935 ilianza kazi ya bwawa la tatu, Ladybower, ambalo ukuta wake ni boma kubwa la udongo. Katika bonde hilo la chini palikuwa na vijiji viwili, Ashopton na Derwent, vyenye mashamba, kanisa na nyumba za mawe za tangu zamani. Wenyeji walitakiwa wahame. Wengine walipewa nyumba mpya mahali paitwapo Yorkshire Bridge, chini ya ukuta ule ule uliowatoa makwao. Hata maiti hawakuachwa. Walifukuliwa katika makaburi ya kanisa la Derwent wakazikwa tena katika kijiji cha Bamford. Ibada ya mwisho kanisani ilifanywa mwezi wa Machi 1943, na baadaye maji yakapanda. Tarehe 25 Septemba 1945 Mfalme George wa Sita alikuja kulifungua bwawa rasmi.

Mnara wa kanisa uliachwa umesimama peke yake katikati ya maji. Watu walikuwa wakiogelea kuufikia, ikaonekana kuwa ni hatari, na mwezi wa Desemba 1947 ukavunjwa kwa baruti. Lakini katika miaka ya ukame, kama vile 1976, 1995, 2018 na 2022, maji hushuka sana na mabaki ya kijiji huonekana. Mwaka 2018 watazamaji walikuwa wengi mno. Baadhi yao waliandika majina yao juu ya mawe ya kale, na wengine walikwama matopeni hata ikabidi waokolewe.

SAFARI YENYEWE

Waendeshaji wengi huanzia Fairholmes, chini ya ukuta wa Derwent, ambapo baisikeli za kukodi hupatikana. Maji yakijaa hufurika juu ya ukuta huo na kuanguka kama pazia jeupe kati ya minara yake miwili. Juu ya bwawa hilo ndege za vita za Uingereza zilifanya mazoezi ya kuruka chini sana mwaka 1943, kabla ya kwenda kuyabomoa mabwawa ya Ujerumani.

Upande wa magharibi pana barabara nyembamba ya lami ifuatayo maji na kupita Birchinlee. Karibu na ukuta wa Derwent limewekwa jiwe la ukumbusho wa mbwa aitwaye Tip. Mwezi wa Desemba 1953 mchungaji mzee, Joseph Tagg, alipotea nyikani pamoja na mbwa huyo. Maiti ya mzee ilionekana baada ya majuma 15, na Tip alikuwa bado yu hai kando yake, baada ya baridi yote ile.

Barabara ikiisha, njia huwa ya mawe na udongo hata Slippery Stones, juu ya Howden. Hapo pana daraja dogo la mawe lililokuwa kwanza katika kijiji cha Derwent, likitumiwa na farasi wa mizigo. Kabla kijiji hakijazama, daraja lilivunjwa, kila jiwe likatiwa namba, na mwaka 1959 likajengwa upya mahali hapa. Baisikeli huvuka juu yake, kisha hurudi kwa upande wa mashariki, ndani ya msitu, hata Fairholmes. Mzunguko huo ni zaidi ya maili kumi, nao hauwashindi hata wanaojifunza.

Wenye nguvu zaidi huacha mzunguko wakashika njia ya Cut Gate, ipandayo nyikani na kushukia Langsett, penye bwawa jingine. Zamani wakulima wa Derwent waliipita njia hiyo na kondoo wao kwenda sokoni Penistone. Ina mawe makali, mifereji, na matope meusi yawezayo kulimeza gurudumu lote. Mwendeshaji asiyejua kupunguza mwendo huangushwa upesi. Kwa hiyo kofia ngumu huvaliwa na kila mwenye busara.

SHERIA NA ADABU

Hapo zamani sehemu kubwa ya nyika hizo ilifungwa na wenye mali, waliozitumia kwa kuwinda ndege. Mwezi wa Aprili 1932 mamia ya vijana wa mijini waliupanda Kinder Scout bila ruhusa, na watano wakatiwa gerezani. Sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka 1949, na mwaka 1951 Peak District ilikuwa ya kwanza kutangazwa.

Baisikeli zilipata haki yao kwa sheria ya mwaka 1968, iliyowaruhusu waendeshaji kutumia njia za farasi, kwa sharti moja: wawapishe wapanda farasi na waendao kwa miguu. Njia ya farasi huonyeshwa kwa mshale wa buluu. Penye mshale wa manjano ni njia ya miguu tu, na mwenye baisikeli hana haki ya kupanda humo.

Ugomvi haukukosekana. Waendao kwa miguu hulalamika kuwa hushtushwa kwa nyuma, na kwamba tairi huchimba ardhi wakati wa mvua. Waendeshaji nao husema njia walizopewa ni chache. Lakini Cut Gate ilipozidi kuharibika, pande zote zilikutana. Wapanda milima, wapanda farasi na waendesha baisikeli walichanga fedha ili mahali penye matope mabaya kupita yote patengenezwe. Matope yale hayakuchagua mguu, kwato wala gurudumu.

Maji ya Derwent yamenywewa mijini kwa zaidi ya miaka mia, na waliohama hawakurudishiwa nyumba zao. Kilichobaki kwa watu wote ni njia hizi kati ya msitu na maji. Zitadumu ikiwa yule aendaye upesi atakumbuka kupunguza mwendo, kutoa salamu, na kumpisha mzee aliyeshika mkongojo. Haraka haraka haina baraka, na katika njia ya wote haraka ya mtu mmoja huweza kuwafungia wengi mlango.