Ile video ya R6, kulikuwa na jiwe

Wasee, wacha niseme hii kabla mtu aumie.

Ile video nimekaa kwa Yamaha R6 hapa juu Kericho, mashamba ya chai nyuma yangu, mguu umetulia chini kama mwenye nduthi? Kulikuwa na jiwe. Mguu wa kushoto ulikuwa juu ya jiwe na nikakata picha hapo chini ndio msilione. Wa kulia haukuwa umeguza kitu. Video ikaenda kuliko kitu chochote nimewahi kuweka, nikanyamaza. Juzi kijana wa Bomet akaniandikia: "Bro, mimi pia ni mfupi. Vile nimekuona nimeamua, nalipa deposit ya 600 Ijumaa." Tangu hapo sijalala poa.

Mimi ni futi 5 na inchi 3. Watu wa stage ya Litein huniita Nusu, na mimi hucheka nao, lakini kusema ukweli hiyo R6 niliitaka kwa sababu ya hilo jina.

Nduthi haikuwa yangu. Mwenyewe alikuwa anauza, akaniachia niijaribu. Ikishatembea, urefu hauna kazi yoyote. Shida ni kusimama. Nilikuwa napanda kilima, lori la majani likasimama ghafla mbele yangu kwa kituo cha kupima. Nikashika breki, nikateremsha mguu wa kushoto, na huko chini hakukuwa na chini. Lami zetu huinamishwa kando ndio maji ya mvua yatoke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hivyo mguu wa kushoto unaenda mahali barabara iko chini zaidi. Wa kulia nao hauwezi kutoka kwa breki ya nyuma, ukiutoa mnarudi nyuma na nduthi yako. Kiti cha R6 kiko milimita 850 juu, na yenyewe ni karibu kilo 190. Ikianza kulala, huishiki.

Wamama wawili waliokuwa wanapimiwa majani ndio walinisaidia kuinua. Mmoja akaniuliza kwa Kipsigis kama mama yangu anajua niko wapi. Hiyo sikupost. Lever ya klachi ilivunjika, plastiki ya kando ikapasuka, nikalipa elfu 18 nilizokuwa nimeweka za kamera.

Baadaye ndio nilifanya kile ningefanya kwanza. Simama kwa ukuta bila viatu, bana kitabu katikati ya miguu juu kabisa, pima kutoka hapo hadi sakafuni. Yangu ni sentimita 72. Sasa linganisha: Ninja 300 na 400 ziko 785, R3 iko 780. Lakini usidhani injini ndogo ni kiti cha chini. Pulsar RS200 ni 810, na RC 390 ya kwanza 820. Pia angalia upana, kiti chembamba kwa mbele kinaachilia miguu ishuke wima.

Ukiambiwa "hii imeshushwa", uliza vipi. Wengi hushusha nyuma peke yake, mbele ikabaki vile ilikuwa, na kwa kona za kwetu inakuwa nzito kugeuza. Stendi ya pembeni nayo inabaki ndefu, nduthi inasimama wima kabisa, upepo wa lori moja tu na iko chini. Mimi heri fundi wa viti apunguze sponji sentimita mbili.

Na hizi zimetumika, so angalia ncha za lever na za pegi za miguu. Upande mmoja mpya na mwingine mzee, ililala hiyo. Tairi ina namba nne za mwisho, 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Hapa mvua hunyesha karibu kila alasiri, usipande tairi ngumu kama sahani. Tafuta rekodi za NTSA, halafu linganisha namba ya chassis na ile imechongwa shingoni kwa usukani, wewe mwenyewe, si picha ya WhatsApp.

Nilinunua Ninja 300. Bado sifikishi visigino. Nateleza kiuno kushoto, mguu mmoja unakanyaga vizuri, wa kulia unabaki kwa breki, na nasimama mbali na ukingo wa lami, mbali na matako ya lori.

Huyo wa Bomet nimemwambia arudi aikalie kwa mteremko, rafiki akishikilia nyuma, bila jiwe. Ameona ujumbe, hajajibu. Video sijaifuta. Nimeweka picha nzima chini yake, jiwe likionekana.