Adabu Zetu Mezani Hotelini

Nimekuwa karani wa serikali kwa miaka kumi na mmoja sasa, na katika muda huo nimekula katika hoteli nyingi, kutoka Maua mpaka Embu. Nisemapo hoteli, sina maana ya jumba la kulala wageni wenye masanduku. Nina maana ya mahali ambapo sisi sote hupaita hoteli, penye meza na viti, chai ya maziwa, chapati, na kijana apitaye huku na huku na kitambaa begani. Leo nataka kusema machache juu ya tabia zetu tukiwa mahali hapo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa maana wahenga walisema nyani haoni kundule, na mimi sipendi kuhesabiwa miongoni mwa nyani.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, tulitoka Meru makarani watano kwenda Embu kuhudhuria semina ya siku mbili. Tulipita Nkubu, Chuka na Runyenjes katika mvua ya masika, tukafika salama. Siku ya pili, semina ilipokwisha na kila mtu amekwisha kupokea posho yake, mmoja wetu akasema, "Jamani, haifai kurudi nyumbani na njaa. Twendeni tukale nyama." Sote tuliitikia kwa furaha. Hakuna aliyeuliza nani atalipa. Jambo hilo la kutouliza ndilo mwanzo wa ugomvi mwingi wa mezani, lakini wakati huo hatukulifikiri.

Tuliagiza kilo tatu za nyama ya mbuzi ya kuchoma, ugali wa watu watano, mboga na kachumbari, na soda saba. Mhudumu wetu alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye kuandika maagizo yetu katika kidaftari bila kukosea. Nasikitika kusema kwamba hatukumtendea kama mtu mpole. Mmoja wetu alimwita kwa kupiga mluzi, kama mtu aitaye mbwa wake. Wa pili alidai supu ya bure mara mbili, na mara ya tatu alikasirika alipoambiwa imekwisha. Wa tatu alilalamika kwamba nyama ni ngumu, lakini alilalamika baada ya kuimaliza, mifupa ikiwa imebaki sahanini mieupe kama meno. Na mimi niliyaona hayo yote nikanyamaza, nikiendelea kutafuna.

Kisha hesabu ikaletwa: shilingi 3,870. Meza ikanyamaza ghafla. Watu waliokuwa wakicheka wakaanza kuzitazama simu zao kama watu wanaongojea habari za msiba. Mmoja akasimama, simu sikioni, akisema kwa sauti kubwa, "Halo, halo, sikusikii vizuri," akatoka nje. Hakurudi tena. Tulimkuta baadaye amekwisha kuketi garini, amejifunika koti.

Mimi nilitoa simu yangu, nikagawanya 3,870 kwa watu watano, nikapata 774. Nikatuma shilingi 774 kamili katika namba ya malipo ya hoteli, wala si shilingi moja zaidi, nikajiona mtu mwaminifu kabisa. Wawili wakatoa 750 kila mmoja, wakisema kwamba wao walikunywa soda moja moja tu. Wa nne, yule wa nyama ngumu, akatoa 700. Jumla ikawa shilingi 2,974.

"Wazee," akasema yule msichana kwa sauti ya chini, "bado shilingi 896."

Mmoja wetu akamjibu, "Dada, usiwe na wasiwasi. Sisi ni watu wa serikali. Tuandikie namba yako, yule mwenzetu atakutumia." Akatuandikia namba yake katika karatasi. Nadhani aliziamini tai zetu.

Tulikuwa tumekwisha kuingia garini nilipokumbuka kwamba nimesahau mwavuli wangu. Nilirudi mbio. Nilimkuta yule msichana amesimama mbele ya meza ya fedha, na msimamizi wake amefungua daftari, anaandika 896 mbele ya jina lake. Hakuna aliyepiga kelele. Ilionekana kwamba jambo hilo ni la kawaida na daftari hilo lina kurasa nyingi. Msichana aliponiona hakusema neno. Alikwenda akauchukua mwavuli chini ya kiti, akanipa kwa mikono miwili, kama tunavyofundishwa kumpa mkubwa kitu.

Katika mfuko wa koti langu mlikuwa na posho ya siku mbili. Nilisema asante, nikatoka.

Njia nzima nilijiambia, "Mimi nimelipa changu." Tulipofika Chuka tukamwuliza yule mwenzetu wa simu kama ametuma zile fedha. Akacheka, akasema hoteli haiwezi kufilisika kwa shilingi mia nane. Wote wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini usiku ule, nikiwa kitandani, nilijua vizuri kwamba si hoteli iliyopungukiwa.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya maneno hayo, "nimelipa changu." Mtu akila peke yake, changu ni changu. Lakini watu wakiketi meza moja, wakaagiza nyama moja katika sinia moja, deni nalo ni moja. Mwenye hoteli hakuuza vipande vitano kwa watu watano. Aliuza kilo tatu kwa meza. Basi ikiwa mmoja amekimbia, wanne waliobaki ndio wadaiwa, na si msichana aliyebeba sahani, ambaye hakuonja hata mfupa. Hesabu yangu ya 774 ilikuwa sahihi kwa kugawanya, lakini ilikuwa kosa kwa utu. Wahenga husema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Sisi tulikula mbuzi, na tukamwachia mwingine alipe.

Babu yangu hakusoma shule, lakini mbuzi alipochinjwa nyumbani kwetu, ugawaji wa nyama ulikuwa na taratibu yake. Palikuwa na sehemu ya wazee, sehemu ya akina mama, na sehemu ya vijana, na kila mtu aliijua yake bila kuuliza. Hata mtoto aliyechochea moto alikuwa na kipande chake, na babu hakuanza kula kabla ya kuuliza, "Je, huyu wa moto amepata?" Sisi tuliokwenda shule tukajifunza kugawanya kwa desimali tumesahau kuuliza habari za huyu wa moto.

Na kuna jambo jingine la kukumbuka. Mjini Embu iko hoteli yenye jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyetoa kitabu juu ya uvuvi wa samaki mwaka 1653, maana zamani Wazungu walipenda kuja kuvua samaki aina ya trauti katika mito itokayo Mlima Kenya. Na Meru palikuwa na hoteli ya enzi hizo hizo iliyoitwa Pig and Whistle. Kabla ya uhuru wa mwaka 1963, katika hoteli za Wazungu za nchi hii, Mwafrika kwa kawaida alikuwa mpishi au mhudumu, hakuwa mgeni wa kuketi mezani. Mtu mzima mwenye mke na watoto aliitwa "boi," na kengele ilipigwa ili aje. Wazee wetu walilichukia neno hilo, na walikuwa na haki kulichukia. Leo kiti ni chetu. Je, tumekipata kiti ili na sisi tupate kumpigia mluzi mtoto wa jirani yetu? Ikiwa ndivyo, basi tumebadili mwenye kuketi tu, tabia imebaki ile ile.

Sipendi kuwalaumu wanaokula peke yao. Wenye hoteli nao wana sehemu yao. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, imeeleza makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kuyatoa katika mshahara. Anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali aliyoiharibu au kuipoteza mfanyakazi kwa makusudi. Anaweza pia kukata upungufu wa fedha uliotokea kwa uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea na kutunza fedha. Na makato yote kwa jumla hayapasi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Sasa, msichana aliyeajiriwa kubeba sahani, akadanganywa na watu wazima watano waliovaa tai, uzembe wake ni upi? Ni vyema wenye hoteli wakisome kifungu hicho kabla ya kufungua daftari lao, na ni vyema wahudumu wakijue.

Lakini mzizi wa ubaya huu ni sisi wateja. Tena nawaomba msidhani nasema juu ya umaskini. Mtu asiye na fedha si mchoyo. Kuna mwalimu mmoja rafiki yangu ambaye, tukimwalika kwenda kula, husema wazi, "Ndugu zangu, leo nina shilingi mia mbili tu, mimi nitakunywa chai." Hakuna anayemdharau, mara nyingi mmoja wetu humwambia aketi ale, naye hukubali kwa shukrani, na siku yake ikifika hutulipia bila kukumbushwa. Huyo ana adabu. Mchoyo ni yule aliye na posho mfukoni na simu sikioni. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Tena kuna uchoyo mdogo mdogo ambao hatuuhesabu kuwa kosa. Kuna mtu aagizaye kikombe kimoja cha chai akashika meza ya watu wanne tangu saa nne asubuhi mpaka saa saba, siku ya soko, huku wateja wenye njaa wamesimama mlangoni. Kuna ajazaye sukari mfukoni pamoja na karatasi za kupangusia mikono. Kuna amwalikaye mwenzake kwa sauti kubwa mbele ya watu, kisha chakula kikiisha akasema, "Nilidhani kila mtu atajilipia." Na kuna yule mwingine ambaye ni ndugu yao ingawa hawafanani: huagizia watu wote ili asifiwe, huku akijua kwamba fedha hana, na mwishowe wageni wake huchangishana kwa aibu. Wote hao hula heshima ya wenzao pamoja na chakula.

Dawa si ngumu. Kabla ya kuagiza, watu na waulizane waziwazi: nani analipa, au tunachanga kiasi gani? Swali hilo si la aibu. Aibu ni kulikimbia. Wakichanga, fedha zikusanywe na mmoja wao kabla ya mtu yeyote kuondoka, na huyo ndiye amlipe mwenye hoteli. Pakiwa na upungufu, waliobaki waujaze hapo hapo, kisha wamdai yule mwenzao njiani, maana wao wanamjua anakokaa na mhudumu hamjui. Nyama ikiwa ngumu, semeni mlipoonja kipande cha kwanza. Na mhudumu aitwe dada au ndugu, kama tungependa watoto wetu waitwe.

Nimesema nitaanza na kosa langu, na haifai nifiche mwisho wake. Mwezi wa Mei, nilipopata mshahara, nilipanda matatu siku ya Jumamosi nikaenda Embu. Nilimkuta yule msichana kazini. Alinikumbuka, labda aliukumbuka mwavuli. Nikamwambia nimeleta zile shilingi 896.

"Zilikwisha kukatwa, mzee," akasema. Hakusema kwa hasira.

Nikampa noti ya elfu moja, nikamwomba aichukue yote. Akaipokea, akaenda ndani, akarudi na shilingi 104, akaziweka mezani mbele yangu. Nikamwambia, "Dada, hizo ni zako." Akatikisa kichwa. "Deni lilikuwa mia nane tisini na sita," akasema. Kisha akakipangusa kitambaa chake juu ya meza, akatoa kidaftari, akaniuliza, "Nikuletee nini?"

Niliagiza chai na chapati mbili. Nilikula polepole, nikalipa, nikasema asante nikimtazama usoni. Zile shilingi 104 niliziacha chini ya kisahani, nikatoka kabla hajaja kukiondoa.