Telefoni Iliyotoka Ng'ambo

Habari tunayowaandikia leo si ya mambo makubwa ya dunia. Ni habari ya telefoni moja. Lakini kwa ajili ya telefoni hiyo mama mwema aliitwa mwizi muda wa miezi saba, na sisi tuliofundishwa kuwafafanulia wengine amri za Mungu tulinyamaza. Ndiyo sababu tunaiandika, ili mambo ya namna hii yasitokee katika mashirika mengine.

Tunafanya kazi ya ukatekista katika parokia moja ya Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika. Huku watu wengi wana ndugu ng'ambo. Vita vya mwaka 1996 na vile vya mwaka 1998 viliwavusha ziwa maelfu ya watu, wakafika Kigoma, wakawekwa katika makambi, kama lile la Nyarugusu lililofunguliwa mwaka 1996. Kutoka huko wengi walipelekwa baadaye kukaa Marekani.

Katika shirika letu yupo mama mmoja mjane. Mtoto wake wa kiume alipita njia hiyo, na sasa anatumika katika kiwanda cha nyama huko Marekani. Ameoa, amezaa watoto wawili. Mama hajapata kuwaona wajukuu wake. Alikuwa na telefoni ndogo ya vitufe. Aliweza kusikia sauti ya mwanawe dakika mbili tatu, kisha inite zinakwisha. Basi kijana akawaza moyoni: «Nitamnunulia mama telefoni kubwa, tuonane uso kwa uso.» Wazo jema, la mtoto mwenye kumheshimu mzazi wake.

Ndugu mmoja aliyekuwa akija Tanzania kwa arusi aliichukua telefoni mpaka Kigoma. Huko akaikabidhi kwa mama mmoja mchuuzi, wa shirika letu hilohilo, anayevuka ziwa mara kwa mara kuleta vitenge na sabuni. Mchuuzi akaileta, akaifikisha mikononi mwa mjane siku ileile aliyoshuka melini, hata kabla ya kwenda nyumbani kwake kuoga. Hakuomba feza hata kidogo.

Wakatia ndani yake ile kadi ndogo tunayoiita puce. Telefoni ikawaka vizuri, lakini ikaandika kwa luga ya Kiingereza kwamba kadi hii haikubaliwi. Wakatia puce ya rezo ya pili, kisha ya tatu. Jibu lilikuwa moja. Wakaipeleka kwa fundi sokoni. Fundi akapokea dola 15, akakaa nayo siku mbili, akashindwa. Naye, asitake kusema kwamba ameshindwa, akasema: «Hii siyo telefoni iliyotoka Marekani. Wameibadilisha njiani.»

Neno hilo likatosha. Watu wakakumbuka kwamba katoni ilifika ikiwa imekwisha kufunguliwa. Wakakumbuka kwamba mchuuzi alijenga jiko jipya mwezi uleule. Wakaunganisha vitu viwili visivyohusiana, wakapata mwizi. Mjane alilia, akasema mbele ya watu: «Dada, umekula macho yangu.» Tangu siku hiyo mchuuzi hakuonekana tena kwenye sala ya shirika siku ya Alhamisi.

Na sisi? Walipotuuliza shauri, tulijibu kwamba mambo ya feza hayatuhusu, na kwamba tuwaombee wote wawili. Tulizani jibu hilo ni la busara. Kwa kweli lilikuwa la woga.

Miezi ikapita. Binti wa mchuuzi alikuwa katika darasa letu la Komunyo ya kwanza. Siku moja, tulipokuwa tukifafanua amri za Mungu, akasimama akauliza: «Papa katekista, mtu akisema mama yangu ni mwizi, na siyo kweli, hiyo ni zambi ya amri gani?» Tukajibu: «Ya amri ya nane, mwanangu.» Akakaa. Hakuuliza la pili. Lakini sisi tulilijua swali lile la pili ambalo hakuliuliza, nalo lilitunyima usingizi usiku ule.

Zamani, katika seminari, mwalimu wetu wa filosofia alizoea kutuonya tusijibu swali kabla ya kulipambanua. Watu wanasema telefoni haifanyi kazi. Vema. Lakini haifanyi kazi kwa namna gani? Imekufa? Ni mgonjwa? Imefungwa? Au ni ya ukoo mwingine, haisikilizani na minara yetu? Hayo ni maneno manne mbalimbali, na sisi tulikuwa tumeyachanganya yote katika neno moja: wizi.

Basi kesho yake tukaenda kwa mjane, tukaomba kuiona telefoni. Kila telefoni ina namba yake ya kuzaliwa, tarakimu 15, inayoitwa IMEI. Wengi wetu tunaikumbuka tangu siku za RAM, lile daftari la Serikali la kuandikisha telefoni, lililotukata inite mwaka 2021, dola 7 kwa mwaka kwa telefoni kubwa na dola 1 kwa ile ndogo, mpaka likaondolewa mwaka 2022. Kuiona namba hiyo si kazi ngumu. Unaandika *#06# kana kwamba unapiga telefoni, nayo inatokea. Tukaiandika kwenye daftari. Kisha, kwa telefoni ya parokia, tukamwandikia kijana wa Marekani, tukamwomba picha ya karatasi aliyopewa siku ya kununua.

Picha ikafika. Siku ya Alhamisi tukawaita watu wa pande mbili mbele ya mkubwa wa shirika. Mchuuzi alikuja, akakaa karibu na mlango. Tukasoma tarakimu za telefoni, na kijana mmoja akasoma zile za karatasi, moja moja, polepole. Zote 15 zilikuwa sawasawa. Telefoni ilikuwa ileile. Hakuna mtu aliyeibadilisha, si Kigoma, si melini, si Kalemie. Katoni ilifunguliwa na kijana mwenyewe, ili kuiangalia kabla ya kuituma. Chumba kikanyamaza kimya.

Kisha tukaisoma karatasi yote, na hapo ndipo tulipoona mzizi wa ugonjwa. Kijana hakuinunua telefoni kwa feza taslimu. Kampuni ya rezo ya huko ilimpa kwa deni, alipe kidogo kidogo muda wa miezi 24. Naye alikuwa amelipa miezi minane tu. Kampuni nyingi za Marekani zinapotoa telefoni kwa deni, zinaifunga, ni kusema inakubali puce ya kampuni hiyo peke yake mpaka deni liishe. Si ugonjwa, wala si udanganyifu. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba kwa mwenye kuuza mpaka umalize kumlipa. Kosa ni kwamba kijana hakuuliza, na aliyemuuzia hakumwambia kwamba kamba ile haifiki Kalemie.

Wasomaji wapenzi, kwa kuwa wengi wenu mna ndugu Ulaya, Marekani, Dubai au China, tungependa kuwapa yale tuliyojifunza baadaye kwa kuuliza wenye ujuzi. Kabla ndugu yenu hajanunua, mwambieni aangalie mambo haya.

La kwanza: telefoni iwe imelipwa yote, na iwe wazi kwa rezo zote. Sheria si moja kila mahali. Katika Kanada, tangu Desemba 2017, telefoni mpya lazima ziuzwe zikiwa wazi. Uingereza nayo, tangu Desemba 2021, imezikataza kampuni za rezo kuuza zilizofungwa. Marekani iliweka sheria mwaka 2014 inayomruhusu mwenye telefoni kuifungua. Lakini kufungwa kwenyewe hakukukatazwa. Deni likiisha, mnunuzi aiombe kampuni iifungue, naye afanye hivyo kabla ya kuituma, kisha aijaribu kwa puce ya kampuni nyingine palepale.

La pili: iwe na mahali pa kutilia puce. Tangu mwaka 2022, kuanzia iPhone 14, zile zinazouzwa Marekani hazina tundu la puce hata kidogo. Zinatumia puce isiyoshikika kwa mkono, inayoandikwa ndani ya telefoni, iitwayo eSIM. Ndugu aliye nyumbani aulize kwanza kama rezo yake inatoa namna hiyo. Na ajihazari na telefoni za zamani za Marekani: nyingine zilitengenezwa kwa njia iitwayo CDMA, bila nafasi ya puce yoyote.

La tatu: mawimbi. Telefoni husema na mnara kwa mawimbi ya hewani, na mawimbi yana vipimo. Kwetu, kama Tanzania na Ulaya, rezo ya sauti ilijengwa juu ya vipimo vya 900 na 1800. Marekani walichagua 850 na 1900. Telefoni nyingi za leo zinajua vipimo vyote vinne, lakini si zote. Tena kwa intaneti ya 4G vipimo ni vingi zaidi. Telefoni inaweza kuwa wazi kabisa, huku ikisikia nusu tu ya yale mnara unayosema. Vipimo vyake vimeandikwa katika karatasi za mtengenezaji. Sisi wenyewe tulinunua yetu Kigoma, na siku tuliyorudi tuliitia puce ya nyumbani, ikaitika mara moja, kwa kuwa upande ule na upande huu wa ziwa mawimbi ni ya jamaa moja.

La nne: kama telefoni imekwisha kutumiwa, mwenye kwanza atoe jina lake na neno lake la siri ndani yake. Asipofanya hivyo, itakuomba neno hilo, nawe hutalijua. Hapo fundi wa sokoni atakula feza zako bure. Telefoni nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China nazo hazina duka la programu la Google. Anayezoea duka hilo ajue mbele.

La tano: umeme. Ule wa Marekani una volti 120, wetu 220. Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha kuchajia. Ikiandikwa 100-240, hakuna hatari. Utahitaji tu kipande cha kubadilisha meno, maana yao ni bapa na yetu ni ya mviringo.

Wako watakaosema: hayo yote ni mambo ya vijana, katekista anayatafutia nini? Tunajibu: Bwana wetu alitupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye lazima akae kwanza ahesabu garama, asije akachekwa. Injili ya Luka, sura ya 14. Kijana wetu hakukaa kuhesabu, na aliyelipa garama hakuwa yeye. Alilipa mama mchuuzi, kwa jina lake.

Turudi kwa telefoni. Kijana alipojua maneno yaliyotokea aliona haya sana. Akafanya kazi za usiku, akamaliza deni kwa miezi minne, akaiomba kampuni iifungue. Siku hiyo tuliileta telefoni ofisini mwa parokia, penye intaneti, tukaizima, tukaiwasha, tukatia puce ya mama. Ikakaa kidogo, kisha vijiti vya rezo vikatokea juu, kimoja, viwili, vitatu. Mama aliuona uso wa mwanawe, na watoto wawili wakigombania nafasi mbele yake. Hawajui Kiswahili, bali walijua kusema «Bibi».

Lakini jambo tunalotaka mlikumbuke lilitokea kabla ya hapo, usiku wa Alhamisi ile. Mjane alitoka chumbani, akapita nyumbani kwake, akachukua sahani ya ndagala, akaenda mpaka kwa mchuuzi. Sisi tulimfuata, kwa kuwa na sisi tulikuwa na deni mlangoni pale. Mjane akapiga magoti, akasema: «Dada, nilikukosea.» Mchuuzi alikawia kujibu. Akasema: «Nimekusamehe. Lakini wale ulioambiwa nao sokoni, nani atawaambia?»

Hakutuangalia sisi, lakini neno lilikuwa letu. Siku ya Dominika, baada ya Misa, kwa ruhusa ya padri, tulisimama mbele ya watu, tukaeleza habari yote, na kukiri kwamba sisi tulinyamaza tulipopaswa kuuliza. Miguu ilitutetemeka. Binti yake alikuwa ameketi katika benchi la tatu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi tumejifunza kwamba kutouliza kwaweza kuwa zambi. Mwenye kununua kitu cha mbali na aulize kabla ya kutoa feza. Na mwenye kusikia jirani yake anaitwa mwizi, aulize kabla ya jua kuchwa. Tarakimu 15 zilikuwa ndani ya telefoni ile tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyejisumbua kuzisoma.