Hojaji, Wastani na Neno "Ila": Tafakuri Juu ya Muhtasari wa Kompyuta

Kwa muda sasa nimekuwa miongoni mwa wanaoandaa mafunzo ya muda mfupi kwa walimu wa Kiswahili. Sehemu ya kazi hiyo ni kusoma hojaji za tathmini na kuziandikia ripoti. Siku hizi kazi hii hukabidhiwa kompyuta, nayo huimaliza kwa dakika chache. Nia ya insha hii si kuubeza wepesi huo, bali kuuliza ni nini kinachopotea njiani, hasa pale majibu yanapoandikwa kwa Kiswahili.

Tuanze na tarakimu. Vipimo vya ngazi tano tunavyovitumia vina asili yake katika kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932. Ngazi hizo zina mfuatano, lakini hakuna ithibati kwamba umbali kati ya 1 na 2 ni sawa na ule kati ya 4 na 5. Hata hivyo, programu hukokotoa wastani bila kusita. Tuchukue washiriki 20: iwapo 10 watatoa alama 5 na 10 watatoa alama 1, wastani ni 3, iwapo wote watatoa 3, wastani ni 3 vilevile. Darasa la kwanza limegawanyika, la pili limeridhika nusunusu, lakini ripoti inayafanya mapacha.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika maoni ya wazi. Programu nyingi huhesabu maneno kwa kufuata nafasi zilizoachwa katika maandishi. Kwa mantiki hiyo, "nilielewa", "sikuelewa", "haikueleweka" na "wangetuelewesha" ni maneno manne yasiyohusiana. Tukiyarejesha kwenye mzizi mmoja, tunaangukia kosa la pili: shukrani na lalamiko vinahesabiwa pamoja, kwa kuwa ukanushi wetu umo katika viambishi. Ndiyo maana uchanganuzi wa kimofolojia, kama ule wa SWATWOL ulioasisiwa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, si anasa ya wanaisimu pekee.

Juu ya mofolojia kuna adabu. Mshiriki wetu huandika: "Mafunzo yalikuwa mazuri sana, tunawashukuru wawezeshaji, ila muda haukutosha." Atakayehesabu maneno ya sifa ataona furaha tupu. Msomaji mzoefu anajua kwamba yaliyotangulia ni kubisha hodi. Mgeni mwenyewe anaingia baada ya "ila". Kinyume chake, "si mbaya" huweza kuwa sifa, ijapokuwa ina ukanushi na neno baya. Programu za kisasa za akili mnemba hufasiri mengi ya haya, lakini huweza pia kuandika muhtasari fasaha unaolainisha lalamiko la mtu mmoja mpaka lisisikike. Na yamkini huyo mmoja ndiye mwalimu pekee asiyeona vizuri, aliyeshindwa kusoma maandishi ya ukutani.

Hapana budi pia kukumbuka mipaka ya hojaji yenyewe. Donald Kirkpatrick, katika makala zake zilizoanza kutoka mwaka 1959, alibainisha ngazi nne za tathmini: mwitiko wa washiriki, kujifunza kwao, mwenendo wao kazini, na matokeo. Hojaji ya siku ya mwisho hugusa ngazi ya kwanza tu. Kuiharakisha hakuipandishi ngazi.

Kwa maoni yangu, kompyuta ipewe kazi inayoiweza: kuhesabu, kuonyesha mtawanyiko wa alama badala ya wastani pekee, na kuyapanga maoni kwa mada. Kila kauli ya muhtasari iambatane na namba ya hojaji ilikotoka, ili anayetilia shaka aweze kuirudia. Maoni yote yaambatishwe kwa ukamilifu wake, na mtu anayeijua lugha ayasome kabla ya ripoti kutiwa saini. Ripoti hizi ndizo huamua mafunzo yapi yarudiwe na yapi yafutwe. Ni haki ya aliyeandika kusomwa mpaka nukta yake ya mwisho.