Matayarisho ya Safari ya Miguu Kutoka Cheptiret

Cheptiret iko kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Nakuru, katika uwanda wa Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ni nchi ya mahindi, ngano na ng'ombe wa maziwa. Upande wa mashariki, kupita msitu wa Kaptagat, ardhi hukatika ghafula: hilo ndilo genge la Elgeyo, na chini yake ni bonde la Kerio. Matembezi ya huko ni mazuri mno, lakini kila majira yana matayarisho yake.

Mvua huanza Machi au Aprili, ikaendelea hata Septemba, nayo huzidi Julai na Agosti. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Lakini huku asubuhi yaweza kuwa nyeupe, na radi ikaja baada ya adhuhuri. Basi msafiri mwenye busara huondoka alfajiri. Huvaa viatu vyenye nyayo za kushika utelezi, huchukua koti la mvua na sweta kavu, wala hajikingi radi chini ya mti. Mvua ikiwa imenyesha siku nyingi, genge na aliache. Mwezi wa Aprili 2020, huko Chesegon, upande wa kaskazini, maporomoko ya ardhi yaliua watu na kubomoa nyumba.

Kiangazi, tangu Desemba hata Februari, njia ni kavu, na hapo ndipo wengi hukosea. Baridi ya asubuhi humdanganya mtu, akachukua koti zito na chupa moja ya maji. Lakini bonde liko chini kwa zaidi ya mita 1,000, na kwa kila mita 1,000 za kushuka joto huzidi kadiri ya nyuzi 6. Tena, apandaye mlima huchoka kwanza, kisha hurudi kwa wepesi. Ashukaye genge hufurahi kwanza, na taabu humngoja mwisho, jua likiwa kali na maji yamekwisha.

Kwa hiyo na achukue kofia na maji ya kutosha, nusu yake yasiguswe mpaka aanze kupanda. Tena awaarifu watu wa nyumbani njia atakayopita na saa ya kurudi, ili akichelewa wajue pa kumtafuta.