Mbacha wa Mezani

"Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Wahenga waliosema hivyo hawakuijua kompyuta, lakini waliijua vyema nafsi ya binadamu. Kitu kipya kina mng'aro unaovuta macho, na mwenye kukinunua aghalabu husahau kujiuliza kama kinamfaa. Hata hivyo, wahenga hao hao hawakutuacha hapo. Walisema pia: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Katika methali hii ya pili ndimo lilimo jambo linalostahili kuzungumzwa, nalo ni mapenzi ya mtu kwa vikorokoro vya meza yake ya kazi, vile ambavyo hakuvinunua dukani bali aliviunda kwa mkono wake, vikachakaa pamoja naye.

Tuchukue mfano wa mtunzi mmoja wa Unguja, mwalimu aliyestaafu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizinakili tungo za wazee kutoka katika hati za Kiarabu na kuziandika kwa herufi za Kirumi. Meza yake imefunikwa kioo. Skrini ya kompyuta imekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi iliyong'olewa chuma chake, ikabaki kibao imara cha kuinua kitu hadi usawa wa macho. Kibodi hufunikwa usiku kwa kipande cha kanga kilichopauka, ili vumbi na chumvi ya upepo wa bahari visipenye. Na chini ya kipanya pana kipande cha mkeka wa ukindu, kiasi cha viganja viwili, kilichokatwa kutoka mkeka uliochakaa na kupindwa kingo kwa sindano na uzi.

Mbacha huo haukuwekwa pale kwa mapambo. Vipanya vya zamani vilikuwa na gololi ya mpira tumboni, iliyobiringika na kuzungusha vijiti viwili, kila kimoja kikipima mwendo wa upande wake. Gololi ilizoa taka, na mwenye kazi akalazimika kuvikwangua vijiti kwa ukucha. Vipanya vilivyofuata vina taa ndogo na jicho mfano wa kamera, linalopiga picha nyingi mno kwa kila sekunde na kuzilinganisha ili kujua mkono umeelekea wapi. Juu ya kioo kisafi jicho hilo halioni alama yoyote ya kufuata, na mshale wa kwenye skrini huduwaa au hurukaruka. Juu ya ukili hauna shida hiyo, maana kila unyuzi una kivuli chake. Chakavu cha mkeka kikawa dawa ya uzuri wa kioo.

Wala haifai kuudharau uundaji wa namna hii, kwani kipanya chenyewe kina nasaba hiyo hiyo. Mwaka 1964, huko California, mhandisi Bill English aliunda kipanya cha kwanza kwa kulifuata wazo la Douglas Engelbart. Kilikuwa kibweta cha mbao, chenye magurudumu mawili chini na kitufe kimoja juu. Mwenye kukitazama leo angedhani ni kazi ya fundi seremala wa mtaani. Tarehe 9 Disemba 1968, mjini San Francisco, Engelbart alikionyesha hadharani chombo cha aina hiyo, na dunia ikaanza kujifunza kuashiria kwa mkono.

Wanawe mtunzi, kwa mapenzi yao, walimletea kitako kipya cha skrini na kitambaa kipya cha kipanya. Akashukuru, akavitumia wiki nzima, kisha akavirejesha vya zamani. Waliona ni ukaidi wa uzee. Hawakujua kwamba mkeka ule uliosukwa na mama yake ndio shahidi pekee wa kazi yake. Tungo zikichapishwa zitabeba majina ya waliozitunga, na ndivyo ipasavyo. Lakini miezi aliyoitumia kulitambua neno moja lililoliwa na mchwa, na macho yanayozidi kufifia ilhali makaratasi nayo yanazidi kumong'onyoka, haviandikwi popote. Vimeandikwa pale kwenye pembe ya mbacha, palipogeuka peusi kwa jasho la kiwiko cha mkono. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, alinakili kwa kalamu, karatasi akiitandika juu ya mbacha ule ule.

Pamoja na hayo, mapenzi ya vitu vikuukuu yasigeuzwe kuwa sifa ya dhiki. Karani anayeinama kutwa mbele ya skrini iliyowekwa chini mno, kwa kuwa ofisi yake haikumpa meza ya maana, hana anachokipenda pale; ana shingo inayomuuma tu. Mtunzi wetu mwenyewe alikuwa na kigoda alichokienzi, na mgongo ulipoanza kulalamika alikitoa nje akanunua kiti chenye egemeo, bila ya kukililia. Kitu huenziwa maadamu kinautumikia mwili. Kikianza kuutesa, kumbukumbu zake haziwezi kuwa kisingizio.

Ipo siku hati zile zitapelekwa Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, zipewe namba na kuwekwa mahali pakavu, na wasomi watazifungua kwa mikono safi. Mbacha hautapewa namba. Yumkini utatupwa siku ya kusafisha chumba, pamoja na kibao cha mbuzi na kile kipande cha kanga. Kwa sasa ukili umeanza kuachana upande mmoja, na mwenyewe ameshatunga uzi sindanoni. Amebakiwa na tungo kumi na moja.