Volanti ikikaza katika mteremko wa Ngomo



Mwenye kutoka Bukavu kwenda Kamanyola ana njia mbili. Ya kwanza inavuka Ruzizi, inapita upande wa Rwanda kwa Kamembe na Bugarama, halafu inaingia tena Kongo. Ni ya lami, lakini inadai karatasi na kusimama kwenye mpaka mara mbili. Ya pili inabaki kwetu: ni njia ya taifa nambari 5, inayopita Nyangezi na kushuka mlima wa Ngomo. Ni karibu kilometa 50 tu, lakini kila mama aliyeipita anajua kwamba kilometa za Ngomo ni ndefu kuliko zingine.

Sababu ni maumbile ya nchi yetu. Ziwa Kivu liko karibu meta 1 460 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika karibu meta 770. Mto Ruzizi unashuka tofauti hiyo kwa maporomoko. Sisi wenye magari tunaishuka kwa kona, moja baada ya nyingine, mlima upande huu na bonde upande ule, juu ya udongo na mawe.

Tuliipita wakati wa likizo kubwa, mwezi wa Julai, wamama watano ndani ya gari moja. Mwenzetu wa Kamanyola alikuwa amefiwa na mume wake, na chama kilikuwa kimetutuma kumpelekea mchango wa matanga: bahasha, mfuko wa unga, maharagi na vikwembe viwili. Gari ilikuwa ya mmoja wetu, gari ndogo ya zamani, ya namna ile inayotoka Ujapani na volanti upande wa kuume. Mwenye gari ndiye aliyeiendesha. Katika chama tunamwita tu mama shofere.

Kwa kuwa kwetu magari yanapita kuume, shofere mwenye volanti ya kuume haoni vizuri kinachokuja nyuma ya kamyo iliyo mbele yake. Aliyeketi mbele kushoto anakuwa macho yake. Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Mpaka Nyangezi tulikwenda vizuri. Sokoni tulinunua ndizi, tukanywa chai. Kutoka pale njia inapanda kwanza, kabla ya kushuka. Katika kupanda tukaanza kusikia sauti. Kila mara mama shofere alipozungusha volanti sana, kitu kililia chini ya kapo, kama mbuzi aliyefungwa. Volanti ikinyooka, sauti inakwisha.

Tukafika juu. Pale unaona bonde lote la Ruzizi limelala chini yako, mashamba ya mpunga ya Bugarama ng'ambo ya mto, na mbali zaidi milima ya Burundi. Wamama wa nyuma wakaanza kuimba. Tukashuka kona ya kwanza, ya pili. Katika kona ya tatu mama shofere akasema kwa sauti ndogo: “Wamama, nyamazeni kidogo. Volanti imekaza.”

Yale aliyoyafanya

Hakupiga kelele, wala sisi hatukupiga. Aliweka mikono yote miwili juu ya volanti, akaivuta kwa mwili wote, si kwa mikono peke yake. Gari ikageuka. Ilikuwa katika vitesi ya pili. Aliiacha pale, ili moteri yenyewe iendelee kuizuia. Akakanyaga freni polepole, akapiga klaksoni. Jambo kubwa zaidi: hakuzima moteri wakati gari ilikuwa ikitembea. Baada ya kona kulikuwa na sehemu iliyonyooka, penye nafasi upande wa mlima, ambapo wengine wangetuona kutoka mbali. Pale ndipo aliposimamisha gari. Akageuza magurudumu ya mbele kuelekea mlima, akavuta freni ya mkono, ndipo akazima moteri na kuacha vitesi imeingia.

Sisi tulishuka, tukaweka mawe makubwa nyuma na mbele ya magurudumu. Wawili walikwenda kukata matawi na kuyaweka njiani, juu na chini ya gari, kama mashofere wa kamyo wanavyofanya. Wote tulisimama upande wa mlima. Hakuna aliyekaa ndani.

Chini ya gari kulikuwa na mafuta mekundu yakidondoka. Mama shofere hakufungua kapo mara moja. Alingoja aone kama kuna moshi, maana mafuta hayo yakiangukia bomba la moto la moshi wa moteri yanaweza kushika moto.

Kwa nini volanti inakaza

Baadaye nilimwomba makanika anieleze, na sasa nitaeleza kama ninavyowaeleza watoto darasani.

Wamama wote tunajua kubeba beseni la maji. Likiwa limejaa, mwenzako anakutwisha: anashika upande mmoja, nawe unashika mwingine, linapanda kichwani bila shida. Siku mwenzako hayupo, beseni ni lile lile, kichwa ni kile kile. Unaweza kulipandisha peke yako, ila utatoa nguvu zote na hutafanya haraka.

Direksio asiste ni yule mwenzako. Katika magari mengi ya zamani kuna pompi inayozungushwa na moteri kwa mkanda wa mpira, ule makanika wanaouita kuruwa. Pompi inasukuma mafuta kwa nguvu ndani ya tiyo, na mafuta hayo yanasaidia kusukuma magurudumu upande unaoutaka. Mkanda ukikatika, tiyo ikipasuka, mafuta yakikwisha au pompi ikifa, msaada unakwisha. Lakini kati ya volanti na magurudumu kuna chuma, na chuma hicho bado kipo. Gari bado inakutii. Inataka tu nguvu zaidi.

Hili ndilo ningependa kila mama alishike. Mtu asiyelijua anafikiri gari imeshindikana kabisa, anaachilia volanti, au anakanyaga freni kwa ghafula katika udongo wenye changarawe, na gari inateleza. Anayelijua anashika kwa nguvu na kupunguza mwendo.

Magari mapya zaidi hayana pompi ya mafuta. Yana moteri ndogo ya umeme inayosaidia volanti. Ikishindwa, taa inawaka mbele ya shofere na volanti inakaza vile vile. Kinachofanyika njiani ni kile kile: mikono miwili, mwendo mdogo, kusimama mahali pazuri.

Mzee wa kamyo

Haukupita muda mrefu, kamyo yenye magunia ikapanda kutoka bondeni. Shofere wake, mzee mwenye mvi, alisimama. “Wamama, poleni,” akasema. Alitazama chini ya kapo na konvoyeri wake, akaonyesha tiyo ya mpira iliyopasuka karibu na pompi. Mpira ulikuwa umekauka na kupasukapasuka kwa uzee.

Mmoja wetu alikuwa na bidoni ndogo ya mafuta ya freni. Akauliza kama tunaweza kuyatia. Mzee akakataa: mafuta ya freni yanaharibu mipira ya ndani ya direksio, na hata hivyo yangemwagika yote kupitia tundu lile.

Halafu akauliza swali la maana: mkanda ule unazungusha nini kingine? Pompi ikizunguka bila mafuta inajisaga, inaweza kukwama na kukata mkanda. Kama mkanda ni wake peke yake, unaweza kutolewa, na gari ikaendelea bila msaada. Lakini kama mkanda huo huo unazungusha pia dinamo na pompi ya maji ya kupoza moteri, usiutoe, maana moteri itachemka. Akafuata mkanda kwa kidole. Ulikuwa wa pompi peke yake. Moteri ilipopoa, konvoyeri alilegeza skurubu na kuutoa.

Mzee akamtazama mama shofere, ambaye si mtu mnene, akamwuliza kama ataweza au atafute kijana wa kuendesha. Kule kwetu watu wengi wanasema mwanamke hawezi kushika gari isiyo na direksio asiste. Mama shofere akajibu: “Papa, asante. Nitashuka polepole.”

Akashuka. Alisogeza kiti karibu na volanti. Hakuigeuza gari ikiwa imesimama kabisa. Aliiacha itembee kidogo kwanza, kwa sababu gurudumu linalozunguka linageuka kwa urahisi kuliko lililosimama. Alibaki katika vitesi ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea. Katika kila kona kali sisi wanne tulishuka tukatembea, mmoja akitangulia kuona kama kamyo inapanda. Vumbi lilitufikia magotini. Kona zote tulizimaliza hivyo.

Kamanyola ni mji wa joto, mji wa mpunga na nyanya. Jina lake liliwahi kupewa uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa, ule unaoitwa leo Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste na wengi kwa Kifaransa Stade des Martyrs. Tulifika jua likiwa linazama. Mwenzetu mjane alitoka nje, akatuona na vumbi letu, akalia, nasi tukalia naye. Tukampa mchango. Usiku tulikula wali na ndagala za Uvira. Gari ilibaki siku mbili kwa makanika mpaka tiyo nyingine ilipopatikana.

Jambo moja la kuwaambia mashofere

Kuna desturi mbaya katika miteremko yetu. Mashofere wengine wa taksi wanazima moteri na kuachilia gari ishuke yenyewe, ili kuchunga esanse. Sasa mnaelewa wanachofanya: pompi inazungushwa na moteri, moteri ikizimwa, msaada wa volanti unakwisha. Freni nayo inasaidiwa na moteri. Baada ya kuzimwa, unabaki na kukanyaga mara moja au mbili kwa urahisi, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na shofere akichomoa ufunguo, katika magari mengi volanti inafungwa kabisa. Yaani anajiletea mwenyewe ubaya uliotupata sisi, na mwingine juu yake.

Mama anayelipa nauli, mwenye mtoto mgongoni, ana haki ya kusema: “Papa shofere, tafadhali washa moteri.” Aseme kwa heshima, lakini aseme. Wengine wakimwunga mkono, shofere atawasha.

Kabla ya safari

Katika mkutano uliofuata tulipatana kwamba gari yoyote itakayobeba wanachama itatazamwa kwanza, jioni ya kabla ya safari, siyo asubuhi tukiwa tumeshapakia. Si kazi ya makanika peke yake. Kila mama anaweza:

1. Kuinama na kutazama ardhi pale gari ilipolala. Doa jekundu au la kahawia upande wa mbele linadai maelezo.

2. Kumwomba shofere aonyeshe chupa ya mafuta ya direksio. Ina alama ya chini na ya juu. Mafuta yakiwa chini ya alama, kuna mahali yanapotokea. Kuongeza tu hakutoshi.

3. Kutazama mkanda na tiyo. Mpira uliopasukapasuka, uliong'aa sana au uliolowa mafuta ubadilishwe kabla ya mlima.

4. Kusikiliza. Volanti ikizungushwa mpaka mwisho na kitu kikalia, kikatetemeka au kikakaza, gari isiende Ngomo siku hiyo.

5. Kuangalia hewa ya mapine ya mbele. Pine lenye hewa kidogo linafanya volanti kuwa nzito hata kama pompi ni nzima.

6. Kuhakikisha kuna mawe au vipande vya mti vya kuzuia magurudumu, taa ya mkono na maji ya kunywa.

Wengine wanaona haya kumwuliza shofere maswali, hasa akiwa shemeji au mwanachama mwenzao. Kuuliza si kumdharau. Mama shofere wetu ndiye aliyeomba kwamba gari yake iwe ya kwanza kutazamwa, na sasa, kila safari, anafungua kapo mwenyewe kabla hatujaketi.

Safari njema, wamama.